Gololi Zilizokaa Bila Kutulia

Kila Jumatano shule za Utrecht, nchini Uholanzi, hufungwa saa sita mchana, na watoto hutawanyika kwa baiskeli kama kuku waliofunguliwa bandani. Fenna, msichana wa miaka kumi na miwili, alikula mkate wake uliomwagiwa chembe za chokoleti, akafuta mdomo kwa mkono wa sweta ingawa kitambaa kilikuwepo, kisha akaenda chuo kikuu na Jurre, mwanafunzi mwenzake. Ijumaa wangesimama mbele ya darasa kueleza kazi ya Shangazi Wieke, dada wa baba yake Fenna, aliyekuwa mtafiti hapo chuoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya gololi. Si hizo za kuchezea. Hizi ukizipanga elfu tano hazifiki urefu wa punje ya mchele, na zinakaa ndani ya tone la maji. Kila moja ina shavu moja linalonata. Kwenye darubini zilionekana safu kwa safu, kama machungwa ya muuzaji anayejipenda.

"Safu ninazo," alisema Shangazi Wieke. "Shida yangu ni mashavu. Gololi haziondoki mahali pake, lakini zinageukageuka. Maji yakipoa taratibu, mashavu huanza kutazama upande mmoja. Yakishatulia, napoza zaidi, zinashikana. Nikiharakisha, kila moja itaganda na upande wake, na wiki zangu tatu nitazimwaga kwenye sinki."

Kamera ilikuwa kwa fundi. Kwa hiyo kila dakika kumi watoto wachore mishale ishirini, kuonyesha kila shavu linatazama wapi. Saa kumi angekuja kusoma karatasi zao.

Walichora mbili. Katika ya pili, mashavu mengi yalitazama dirishani.

"Hazijasogea hata unywele," alisema Jurre. "Zimekaa kama bibi zangu kanisani."

"Sasa tunachora nini?"

"Waniuliza mimi? Hapo chini wanauza chipsi."

Fenna akainakili karatasi ya pili mara kumi, akipindisha mshale mmoja hapa na mmoja pale, ili uongo upate sura ya ukweli. Halafu wakashuka kula chipsi na mayonezi, nyingi.

Saa kumi shangazi alipitia karatasi, uso ukamng'aa. "Yote dirishani, na hayakugeuka tena! Mapema hivi? Nyie watoto mna bahati." Akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kupoza.

Fenna alichungulia darubini, kujipa moyo tu. Safu zilikuwa vilevile. Lakini nusu ya mashavu yalitazama mlangoni.

"Shangazi, ngoja! Usibonyeze!"

Jurre akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Nikanyage tu," alisema Fenna. "Shangazi, tulichora mbili. Hizo nyingine nimenakili. Tulikuwa tunakula."

Shangazi Wieke aliondoa kidole polepole. Akachungulia mwenyewe, akahesabu mashavu moja moja. Jurre alitamani shangazi apige kelele, yaishe.

"Kazi inaanza upya," hatimaye alisema. "Mpaka zitulie."

"Lakini kwetu tunakula saa kumi na mbili kamili!" Jurre alilalamika.

"Viazi vya baridi haviui. Na tumbo lako si tupu, nasikia."

Wakachora. Mishale ikaenda dirishani, mlangoni, ikazunguka, ikarudi. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, karatasi nne mfululizo zilifanana, na safari hii hakuna aliyezifananisha. Shangazi akabonyeza kitufe. Kwenye darubini gololi zikashikana shavu kwa shavu, safu zote, bila hata moja kukaa upande.

Jurre alimwangalia Fenna. "Samahani kwa kukukanyaga."

"Kesho utanibebea mkoba."

Shangazi Wieke alizikunja zile karatasi kumi za uongo, akampa Fenna mkononi.

"Kuchoka nakusamehe, mwanangu; hata mimi huchoka. Ungeniachia karatasi tupu, ningejua hamkutazama, nikasubiri. Karatasi ya uongo ni mbaya kuliko tupu, kwa sababu mimi naiamini na kuifuata. Ijumaa waeleze wenzako na hilo, usiwaeleze gololi tu. Haya, baiskeli! Kwa kuchelewa huku mama zenu watanigombeza mimi, si nyie."