Tundu kwenye Karte ya Alphonsine

Alphonsine huuza sombe, majani ya muhogo, katika mtaa wa Mudzipela. Jioni hurudi mtaa wa Saio, kwenye chumba anacholala na mtoto wake, Jemima, wa miaka mitano. Mume wake aliuawa siku walipokimbia vita kijijini kwao, Bule. Siku hiyo hiyo mfuko wa vyeti vyao ulianguka njiani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo Alphonsine huvaa shingoni kila kitu chenye thamani.

Basi shirika la msaada lilipompa karte, kadi ya kuchukulia chakula, alipasha msumari moto, akaitoboa, akapitisha kamba. Wanawake wengi waliokimbia hufanya hivyo.

Siku ya kugawa chakula aliiweka karte juu ya masini inayofungua mlango wa depo, ghala la chakula. Masini ikakaa kimya. Akajaribu tena. Mlango haukufunguka. Nyumbani hakukuwa na unga, na miguu ya Jemima ilikuwa imeanza kuvimba kwa njaa. Alphonsine alikaa mavumbini akalia.

Dorothée, mfanyakazi wa mlangoni, alichuchumaa karibu naye.

"Mama Jemima, ulitoboa karte?"

"Niliitoboa isipotee. Siye batu ya kukimbia, kitu ya mukono inaangukaka."

"Angalia. Ndani ya karte muko waya mudogo sana, inazunguka pembeni yote. Iko pia puce, kadude kadogo kama ile kadi ya telefone. Ukiweka karte karibu na masini, ile waya inaamusha puce. Musumari ilikata waya. Karte imekufa."

"Kumbe niliua chakula ya mutoto na mukono yangu."

Dorothée hakumdanganya. "Leo siwezi kukufungulia mulango. Tutakuombea karte ingine."

Alphonsine akashusha sauti. "Na batu ya silaha ku bariyeri ya njia bakiikamata, bataona jina yangu? Kule Bule, jina inaonyesha kabila, na ndiyo ilituua."

"Hapana. Ndani ya puce hamuna jina, iko namba tu. Majina inabakia ku biro yetu, imefungwa. Kila mara masini inauliza puce ulizo ya mupya. Puce inajibu na siri yake, na ile siri haitokake inje. Mutu akiandika namba yako ku karte ingine, masini itaikatala. Na ukiipoteza, kuya mbio utuambie. Tutaifunga, mwizi hatakula kitu."

Kungoja kulikuwa kubaya. Jemima aliacha kucheza. Kisha akaacha kuomba chakula, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kilio.

Karte mpya ilipokuja, Alphonsine hakuitoboa. Aliishonea mfuko wa kitambaa, akafunga kamba kwenye mfuko. Pale depo taa ya kijani iliwaka na mlango ukafunguka. Alirudi na unga, maharage na mafuta.

Jemima alikula nusu ya uji. Nusu nyingine akaifunika kwa sahani.

"Hii ni ya wakati karte itakufa tena," alisema.

Alphonsine alimweleza yote: waya, puce, mfuko wa kitambaa. Jemima alisikiliza vizuri, lakini hakuifunua sahani.