Kofia ya Mabrouk

Foleni ya posta ya Shangani ilikuwa imefika mpaka mlangoni, na Tamima hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba yule mwanamme aliyesimama nyuma yake alikuwa anaisoma bahasha yake. Aliigeuza chini juu, akaibana kifuani ndani ya buibui.

"Ushamaliza, au nikufungulie usome na ndani?"

"Samahani, bibie. Nimeuona mhuri tu. Barua imerudi?"

"Yakuhusu nini?"

"Mhuri ule naujua. Mie karani wa balozi wao."

Hapo aligeuka. Aliona kanzu iliyopigwa pasi barabara, koti la kijivu, mwavuli mkononi, na mdomo mzuri kupita kiasi. Watu wenye midomo kama ile Tamima alikuwa hawaamini hata wakimwambia leo Jumatatu.

Na alikuwa na haki yake. Ulikuwa mwaka 1956. Kaka yake, Mabrouk, aliyekwenda ng'ambo kusoma akaishia kuandika gazeti, alikamatwa huko kwa kuandika kwamba jela za nchi ile zimejaa kuliko skuli zake. Miezi saba sasa. Balozi wa nchi hiyo hapa Unguja alijibu kwamba hana habari. Serikali ya hapa, iliyoombwa mara tatu imuulizie, ilijibu mara tatu kwamba jambo hilo linashughulikiwa kwa njia za kirafiki. Na kila alfajiri mama yake, Bi Thuwaiba, aliuliza swali lile lile: amuombee mwanawe arudi, au amsomee hitima?

"Jina langu Simai," alisema karani. "Kama una kitu cha kumpelekea, nipe. Ntakitia katika mfuko wa barua wa balozi mwenyewe. Haufunguliwi njiani."

"Na weye utapata nini?"

"Ntapata kukuona ukikileta."

Tamima alikuwa nacho kitu. Kabla Mabrouk hajasafiri alimzungushia uzi kichwani, akaufunga fundo, akautia katika kijaluba chake cha bati. Kwa kipimo cha uzi ule alimshonea kofia, miezi mitano ya vitundu vidogo vidogo, kisha akaitia wanga ikakakamaa. Simai aliipokea kwa mikono miwili.

Baada ya hapo simu aliyompa nambari yake ikaanza kulia kila saa kumi jioni, katika duka la vitambaa la Ami Zahor, Mlandege.

"Hallo? Nani?"

"Msomaji wa bahasha."

"Mzigo umefika?"

"Kwanza niulize hali, Bi Tamima. Hata balozi huanza na salamu."

"Balozi wako husalimu watu huku kawafungia ndugu zao."

"Basi mie nsalimu, kwani mie sijamfunga mtu. Ila kuna mtu kanifunga mie."

Tamima alikata simu, akabaki akichekea majora ya vitambaa. Ami Zahor, ndugu wa marehemu baba yake, alimtazama juu ya miwani.

"Mshahara wake unatoka kwa waliomchukua Mabrouk. Unafikiri anapiga simu kwa mapenzi? Anachunguza nani anamwandikia, nani marafiki zake."

Tamima mwenyewe alifikiri hivyo hivyo, usiku na mchana. Lakini kila ikikaribia saa kumi alikuwa keshafika dukani, na wanja keshapaka.

Wiki ya sita Simai hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, na kifurushi na barua ya kutoka ng'ambo, akamwamkia Ami Zahor, kisha akaisoma barua taratibu. Mtu huyo hayumo katika jela yoyote ya nchi yetu. Mzigo wake unarudishwa bila kufunguliwa.

Tamima alikata kamba. Kofia ilikuwa imelegea, wanga wote umekwisha, na ndani, pembezoni, palikuwa na mstari wa jasho.

"Umeivaa," alisema.

"Tamima..."

"Haijakwenda popote! Mamangu hajui mwanawe yu hai au kafa, weye unatembelea kofia yake mjini!"

"Wallahi sijaivaa. Nimeifunga kwa mkono wangu, leo nimeipokea..."

"Toka!"

Alitoka, na mwavuli wake akausahau. Siku nane simu ililia na haikupokewa. Tamima alilia kwa hasira, na zaidi kwa sababu alikuwa anaihesabu milio.

Siku ya tisa Simai aliingia dukani bila kubisha hodi, akavua kofia yake, akaketi kwenye kigoda.

"Nivishe."

"Nini?"

"Hiyo kofia niliyoivaa. Nivishe, Ami aone."

Tamima aliichukua kwa hasira, akamvisha. Kofia ilikaa utosini kama kifuniko cha birika. Aliisukuma, akaivuta huku na huku, haikushuka. Ami Zahor alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Tamima aliitwaa kofia, akaigeuza, na sasa akauona mkunjo: imekunjwa mara nne, ukingo juu ya ukingo. Tangu chuo cha Kurani Mabrouk alikuwa akiikunja kofia yake hivyo na kuikalia, na hata ule wanga mwingi ulikuwa wa kumkomesha tabia hiyo.

"Kaivaa mwenyewe," alisema. "Walimpa. Kisha ikaja amri ya kukana kwamba wanaye, wakamvua. Yu hai."

"Barua inasema mzigo haukufunguliwa," Simai alisema polepole. "Mzigo niliufunga mie na nimeupokea mie. Nkiandika hayo nikatia saini, balozi atanifukuza siku hiyo hiyo."

"Basi usiandike," Tamima alisema, akamtazama mikono.

Simai aliomba kalamu.

Karatasi ile ilipelekwa serikalini pamoja na kofia, na nakala yake magazetini. Njia za kirafiki zikashindwa kupita. Siku ya ishirini na sita balozi alileta jibu jipya: kulitokea makosa kwa sababu ya kufanana kwa majina, mfungwa amepatikana. Kahukumiwa miaka mitatu. Anaruhusiwa kupokea barua moja kwa mwezi. Alfajiri iliyofuata Bi Thuwaiba hakuuliza swali lake.

Simai, ambaye sasa alikuwa anapima vitambaa katika duka la Zahor na kupimwa kwa macho na Zahor, aliona Tamima anamjia na uzi.

"Inamisha kichwa."

"Wa nini?"

"Inamisha tu." Aliuzungusha uzi, vidole vyake vikakaa kwenye paji la uso wake zaidi ya ilivyohitajika, akafunga fundo. "Kichwa kikubwa hiki. Kofia yake miezi saba."

"Posa yangu itaitangulia." Simai alimgeukia mzee. "Ami, nkuletee weye barua?"

Ami Zahor alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mwezi uliopita ungeileta kwangu," alisema. "Sasa wali wake wa kumwozesha yu hai. Mwandikie Mabrouk."

Barua ya kwanza iliyomfikia Mabrouk jela ilikuwa ya posa. Simai aliipeleka posta, na Tamima alisimama nyuma yake kwenye foleni, akaisoma bahasha neno kwa neno.