Sura ya Tisa ya Wilaya ya Nne

"Chuma, mgeni anatoroka! Mlango wa jikoni!"

Chuma hakuihitaji redio. Alikuwa keshaliona koti la kijivu likikata kona nyuma ya hoteli. Akatoka mbio.

Mgeni alikuwa mwepesi, ila viatu vyake havikuwa vya kazi ile. Kwenye maegesho aliteleza. Mkono ukaingia kotini.

Chuma akamwahi kwa goti la mbavu. Bastola ya Beretta ikaruka, ikapotelea chini ya Toyota nyeupe.

"Taratibu, bwana. Na ule mkono mwingine niuone."

Mwezi mzima Idara ya usalama ilikuwa ikimsaka jasusi huyu wa kigeni. Alitaka ramani ya maghala ya silaha yaliyochimbwa chini ya ardhi na Wilaya ya Nne ya Kijeshi. Wilaya hiyo ilikuwa inavunjwa mchana ule, baada ya miaka hamsini na minane. Kwa siku tatu, hadi kikosi kipya kifike, kila ghala lingelindwa na vijana wawili tu. Mwenye ramani angejichotea.

Ndani ya bahasha aliyoitoa kotini mwa mgeni mlikuwa na mswada mnene: Historia ya Wilaya ya Nne. Nyuma kabisa, ramani. Pembeni mwa kila ukurasa, masahihisho ya kalamu.

Chuma akafungua ukurasa wa pili, wa tatu.

Mwandiko ule ndio uliokuwa ukitia saini ripoti zake za shule.

"Chuma, ramani umeipata?" redio ikauliza.

"Ninayo."

"Nani kaiuza?"

"Nipe dakika ishirini." Akawaachia wenzake mgeni, akashika njia.

Masijala ya makao makuu ya Wilaya ilikuwa tupu. Makabati yalishaondolewa, yakaacha miraba misafi sakafuni. Karani aliyeitumikia miaka thelathini na moja, mjomba aliyemlea Chuma tangu mama yake afariki, alikuwa amekaa peke yake.

"Shikamoo, mjomba." Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba. Kiti kimebaki kimoja, njoo ukae wewe."

Chuma hakukaa. Aliweka bahasha mezani.

"Mjomba, niambie umeibiwa."

Mzee akavua miwani. "Sikuibiwa. Soma sura ya tisa."

Yalikuwa majina. Askari thelathini na wawili waliovushwa mpaka kwa siri, wasirudi. La kumi na saba lilikuwa la mtoto pekee wa mjomba. Utotoni Chuma alilala naye kitanda kimoja miaka tisa.

"Mara nne nimewapelekea wakubwa sura hiyo, mara nne wameikata. Ati kikosi hicho hakikuwahi kuwapo! Mimi ndiye niliyewapigia chapa vibali vya safari, mwanangu. Mgeni aliahidi kuichapisha yote. Akataka ramani tu."

"Tu? Mjomba, maghala yale yana vijana ndani. Nao wana baba zao."

Mzee akaifuta miwani kwa pindo la shati.

"Nililijua hilo," akasema polepole. "Nikafumba macho."

Nje, kwenye paredi, kipaza sauti kilikuwa kikisoma historia iliyoidhinishwa: "...wala Wilaya hii haikupoteza hata askari mmoja ng'ambo ya mpaka..."

Mjomba akacheka kidogo. Kisha akalia kama mtu aliyepokea habari za msiba asubuhi ile.

Chuma akamfunga pingu kwa mbele, akazifunika kwa koti lake. Sura ya tisa akaikunja, akaisukuma ndani ya shati. Kesi ilikuwa ya ramani, si ya majina.

Langoni aliwakabidhi askari polisi wawili mzee pamoja na bahasha.

"Msimsukume," akawaambia. "Goti la kushoto linamsumbua."

Gari likaondoka. Redio ya Motorola ikakoroma.

"Chuma, taarifa."

"Ramani iko salama. Aliyeiuza ni karani wa masijala. Mnaye."

"Kazi safi! Sasa tunamtafuta ndugu yake wa karibu, tumjulishe."

Chuma akatazama barabara.

"Umeshamjulisha," akasema, akazima redio, akavuka upande wa pili bila haraka, sura ya tisa kifuani.