Maduhu Abadilisha Mpira wa Pawa

Kila asubuhi Maduhu alikamua ng'ombe wake wanne, akapeleka maziwa kwa wateja wake pale Kilangali, kisha akarudi kulinywesha gari. Ndivyo mke wake Celestina alivyosema: kulinywesha. Maduhu alifungua boneti ya pikapu yake kuukuu, akajaza oili kwenye kikopo cha pawa. Kufika jioni kikopo kilikuwa kitupu, na mchanga chini ya gari umelowa.

Oili hiyo ndiyo inayofanya usukani uwe mwepesi. Ikiisha, dereva anapigana na usukani kama mtu anayepigana na fahali.

"Gari lako linakunywa kuliko ng'ombe," Celestina alimwambia.

"Linavuja kidogo tu. Nimepafunga."

Kweli alikuwa amepafunga. Wazazi wa Maduhu walihamia Kilosa kutoka Usukumani wakiwa na mifugo yao. Kwao mkokoteni ukilegea, unafungwa kwa utepe uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Nira ikipasuka, ni tyubu. Mlango wa zizi ukining'inia, ni tyubu. Basi mpira unaopitisha oili ya pawa ulipoanza kuvuja, Maduhu aliuzungushia tyubu mara saba. Oili ikapita hivyo hivyo.

Akaenda kwa fundi mmoja wa barabarani. Fundi yule hakuinama hata kidogo. "Raki imekufa," alisema, yaani chuma kinachogeuza tairi za mbele. "Laki nne na nusu."

Maduhu hakuwa nazo. Celestina alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, na akiba yote ilikuwa ya uzazi. Watoto wao wawili walizaliwa kwa upasuaji. Nesi wa kliniki alikuwa amesema bila kuzunguka: "Mama, safari hii usisubiri uchungu nyumbani. Ikifika Ijumaa, uwe umeshalala hospitali ya Mikumi."

Maduhu akawaza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bomba bovu la kupulizia dawa ya mpunga. Lilikuwa na mpira mzuri, bado mgumu. Akaukata, akautia mahali pa ule wa zamani. Siku mbili gari halikudondosha hata tone. Alifurahi sana, na hakumuuliza mtu yeyote.

Jumatatu akampeleka Celestina kliniki Kilosa mjini. Njiani, kwenye kona, usukani ukawa mzito ghafla. Moshi ukatoka kwenye boneti. Maduhu alivuta usukani kwa mikono miwili, na gari likasimama tairi moja likiwa limeingia mtaroni.

Celestina alikuwa ameshika tumbo. Alifungua mlango, akateremka polepole.

"Baba Oliver, mimi sipandi tena hili gari."

"Nitalitengeneza."

"Ulishalitengeneza."

Celestina alisema atakwenda Mikumi kwa basi. Lakini miguu yake ilikuwa imevimba, na mabasi ya njia ile siku nyingine yanajaa mpaka watu wanasimama. Maduhu alimfikiria mkewe akiwa amesimama namna ile kwenye vumbi na mashimo. Usiku ule hakula.

Kesho yake jirani yao Filomena alipita, akakuta gari limevutwa mpaka uani. Filomena alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika gereji ya shamba la mkonge. Maduhu alilijua hilo. Ila hakuwahi kufikiri kumuuliza mwanamke habari za gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu mgonjwa anaumwa nini?"

Maduhu alieleza yote. Filomena akaangalia ndani ya boneti, akagusa kipande cha mpira kilichochanika. Kilikuwa kimelainika kama ugali.

"Huu si wa bomba la dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Unataka kuua gari au wadudu?"

Celestina alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sikiliza, mwanangu," Filomena alisema. "Oili ya pawa inachemka. Mpira wa maji au wa dawa hauiwezi. Unalainika, unapasuka. Na oili ikimwagikia ekzosi, bomba la moshi lenye moto, gari linaweza kuwaka. Ule moshi wa jana ulikuwa onyo."

Maduhu alimwangalia Celestina, akaangalia chini.

"Fundi alisema raki imekufa."

"Aliiona?"

"Hapana."

"Sasa sisi tutaangalia. Futa oili yote kwa kitambaa, pawe pakavu."

Maduhu alifuta. Filomena alipitisha tochi kila mahali, kwenye pampu, kwenye raki, kwenye maungio. Kisha akamwonyesha.

"Mipira ipo miwili. Huu wenye ncha za chuma unatoka kwenye pampu kwenda kwenye raki. Unabeba nguvu kubwa sana. Huo haukatwi, haufungwi kwa klipu. Ukiharibika, nunua mwingine mzima, au upeleke kwa wanaobana mipira ya mashine. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Sitaugusa."

"Huu wa pili unarudisha oili kwenye kikopo. Nguvu yake ni ndogo, na ndio uliokuwa unavuja. Huu utaubadilisha wewe mwenyewe. Mimi mgongo wangu hauinami tena, nitakaa hapa nikuseme."

Maduhu alipanda bodaboda mpaka Kilosa, na kipande cha mpira wa zamani mfukoni. Filomena alimwambia asikisie kwa macho. Dukani alikipima tundu lake na urefu wake. Akanunua mpira wa oili ya pawa, klipu mbili mpya, na oili ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Vyote havikufika elfu arobaini.

Jumatano asubuhi gari lilikuwa limepoa. Maduhu alizuia tairi za nyuma kwa mawe, akapiga jeki mbele. Alipotaka kuingia chini, Filomena alimshika shati.

"Jeki inateleza. Weka magogo kwanza. Mwanao anakuja wiki hii, unataka akukute wapi?"

Filomena alikuwa na vipande viwili vya taruma la reli, mbao nene ambazo baba yake alipewa alipostaafu kazi ya reli. Maduhu akaviweka chini ya chesesi, ule uti wa gari, nalo likakaa imara.

Aliweka beseni chini, akakinga oili iliyobaki. Alilegeza klipu, akavuta kipande kibovu, akasafisha ncha za chuma. Akaukata mpira mpya kwa kisu kikali, ukakaa sawa bila kujikunja na bila kugusa ekzosi. Kisha akakaza klipu.

"Inatosha," Filomena alisema. "Ukikaza kwa hasira inakata mpira."

Wakajaza oili mpya. Kabla ya kuwasha injini, Maduhu alizungusha usukani taratibu kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara kumi na tano. Kwenye kikopo mapovu yakawa yanatoka.

"Hiyo ni hewa," Filomena alisema. "Ikibaki ndani, pampu italia. Ongeza oili. Zungusha tena."

Mapovu yalipokwisha, waliwasha. Usukani uligeuka kwa kidole kimoja. Maduhu alicheka peke yake kama mtoto. Kisha akachukua beseni la oili chafu, akaelekea mferejini.

"Wapi huko?" Celestina aliuliza. "Maji hayo yanakwenda kwenye mpunga wetu."

Maduhu aligeuka, akaimimina kwenye dumu ili aipeleke gereji.

Alizunguka na gari mpaka barabara kuu na kurudi. Kisha alitandika boksi jeupe chini ya injini, akaliacha mpaka asubuhi.

Alhamisi Celestina aliamka kabla yake. Maduhu alipotoka, alimkuta ameshalivuta boksi kwa fimbo, analigeuza upande huu na huu kwenye mwanga. Lilikuwa na vumbi tu. Celestina aliingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za mtoto.

"Fungua mlango," alisema. "Na uende polepole."

Maduhu alikwenda polepole. Kilomita za mwanzo Celestina alikuwa ameshika mpini wa mlango, macho yake kwenye mikono ya mumewe. Walipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mbele ya kijiji cha Ulaya Maduhu alitaka kumwambia kitu, akageuka. Celestina alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono umeachia mpini.

Maduhu hakuwasha redio. Alimwamsha kwenye geti la hospitali, Mikumi. Jumamosi, saa tatu asubuhi, alizaliwa mtoto wa kike wa kilo tatu na nusu, na mama yake akaomba uji.