Ufunguo Nilioutoa Mlangoni

— Grezzja! Grezzja wewe! Ufunguo uko wapi?

Huyo ni mume wangu, Gejtu. Saa sita mchana, jua la Julai limemkaa utosini, ndiyo kwanza katoka kwenye feri na mkoba wake. Mimi niko upande wa pili wa mlango, nimejikalia kwenye kiti cha jikoni, beseni mapajani, nachambua vitumba vya kaperi, kile kichaka cha majabalini, nivitie chumvi.

Hapa kwetu kisiwani Gozo ufunguo hukaa kwenye tundu la mlango, upande wa nje, tangu alfajiri mpaka watu wakalale. Jirani akipungukiwa na chumvi anauzungusha, anaingia, anaita jina lako. Ufunguo usipoonekana, basi ama wenye nyumba wamesafiri, ama humo ndani kuna jambo. Na mimi sikuwa nimesafiri.

— Upo mfukoni mwa aproni yangu, nikamjibu.

— Kwa nini?

— Kaiulize televisheni.

Aliyejibu ni Liberata, jirani yetu wa mbele, ambaye toka asubuhi alikuwa amejipanga kwenye roshani yake.

— Gejtu! Mimi nilipoona ufunguo haupo nilimuuliza mkeo nani kafa. Unajua kaniambia nini? "Bado."

Niwaeleze. Gejtu anaandika vitabu vya mauaji. Sasa vimefika vinane, na katika vyote vinane anayeuawa ni mke wa mtu. Mmoja alitiliwa sumu ya panya kwenye supu ya maboga, mwingine kasukumwa majabalini, mwingine kabanwa na mto wa kitandani. Kila kitabu kikitoka, nikienda buchani wananiuliza, "Grezzja, mwaka huu umekufaje?" Nami nacheka nao. Nimecheka nao miaka mingi, jamani, mpaka mashavu yamechoka.

Mimi shule niliacha darasa la tatu nikachunge mbuzi wa baba. Miaka yote hiyo vitabu vyake sikuvisoma. Alikuwa ananisimulia mezani, nami namrekebisha: hapa jirani angesikia, pale mbwa angebweka.

Simu yangu ikalia. Nani? Yeye huyo huyo, hatua mbili kutoka nilipokaa.

— Haloo.

— Grezzja, nifungulie. Watu wananiangalia.

— Si umewazoea? Jana kisiwa kizima kilikuangalia.

— Ni lile neno la kwenye televisheni? Ule ulikuwa utani tu!

— Urudie huo utani.

— Mke wangu...

— Urudie. Liberata hakuusikia vizuri.

— Nimeusikia! Liberata akapaza sauti toka juu.

Jana kwenye televisheni mtangazaji alimuuliza, "Na mkeo, yeye huvisoma vitabu vyako?" Gejtu akacheka, kavaa shati nililompigia pasi mimi, akasema: "Mke wangu hasomi. Ndiyo maana bado yuko na mimi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Simu ikatoa mlio tena. Ujumbe wa binti yetu Marvic, anaishi kisiwa kikubwa cha Malta na watoto wake:

"Mama umemfungia baba nje? Nimetumiwa picha na watu sita."

Nikaandika kwa kidole kimoja: "Sita tu?"

Kisha nikausogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

— Gejtu. Kitabu cha nane, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mstari wa nne kutoka chini.

— Umesema nini?

— "Sikumwoa kwa kumpenda. Nilimwoa kwa sababu yule wa moyo wangu alipanda meli kwenda Melbourne." Niendelee, au panatosha?

— Nani... nani amekusomea?

— Kidole changu hiki.

Nilianza kukisoma siku ya Mtakatifu Martin, mwezi wa Novemba, nikamaliza kabla ya Kanivali ya Februari. Kila akipanda kwenye chumba chake cha juu kuandika, nami natoa kitabu chake chini ya mfuko wa unga, naweka kidole chini ya neno, nalitamka, nahamia la pili. Nilitaka kumshangaza siku ya kuzaliwa kwake. Nilipofika kwenye mstari ule, nikafunga kitabu, nikaenda kukoroga supu. Kwa sababu kitabu hicho alishanisimulia chote mezani, na mstari ule aliuruka.

Sikusema kitu. Nikasubiri aniambie mwenyewe. Pasaka ikapita. Nikakisoma mara ya pili, nikijidanganya kwamba pengine macho yangu ndiyo yaliyokosea. Mstari ulikuwa pale pale.

— Yule ni muuaji, Grezzja! Ndiye anayesema, si mimi!

— Muuaji gani ana mtu Melbourne? Mwenye mtu Melbourne ni wewe. Lidwina binti mwokaji.

— Mimi nilimsindikiza mpaka bandarini! Liberata akadakia. Alilia kama mtoto!

— Liberata, nakuomba, Gejtu akasema.

— Usiniombe mimi, muombe mwenye ufunguo!

Nikasikia anavuta pumzi, anahama mguu huu na huu.

— Basi kisome mpaka mwisho, mke wangu. Mwishoni yule mume anajuta sana...

— Nimefika mwisho mara mbili. Anajuta kwa sababu amekamatwa.

Mwanaume ambaye akipewa maiti na kisu anakujazia kurasa mia tatu, alikaa kwenye kizingiti changu bila neno hata moja. Mimi nikamaliza beseni la kwanza, nikaanza la pili. Kwa hasira vitumba vilikuwa vinapondeka vidoleni. Siyo ya Lidwina. Lidwina nilimjua, kila mtu alimjua, kuna mwanaume gani hapa asiyekuwa na mtu aliyehamia Australia? Hasira yangu ni kwamba aliliweka neno lile mahali anapojua fika kwamba sitafika.

— Ongea, nikasema. Lakini ongea bila kitabu.

— Ilikuwa kweli, akasema kwa sauti ndogo. Siku ya harusi yetu, ilikuwa kweli. Barua za Lidwina zilikuwa zinakuja kwa mama yangu.

— Mpaka lini?

— Mpaka siku ile ya kisima.

— Kisima gani?

— Kitabu cha kwanza. Yule mke nilikuwa nimemtupa kwenye kisima cha uani kwao. Miezi minne nimekwama, hakiendi mbele wala nyuma. Ukapita umempakata Marvic, ukaniuliza nina nini, nikakusimulia. Ukasema, "Huyo muuaji siyo mtu wa hapa. Mtu wa hapa haharibu kisima chake. Kiangazi atakunywa nini?"

— Nikakwambia amsukume majabalini.

— Ukasema bahari haina mwenyewe. Halafu ukaenda zako kuanika nepi. Mimi nikabaki nakutazama, Grezzja. Miaka mitatu nimelala na mtu kitanda kimoja, na simjui. Jioni ile nilizichukua barua zote nikawashia tanuri. Ulioka mkate wa nyanya.

Siku ile naikumbuka. Nilimsifu. Nilimwambia, leo tanuri umeliwasha vizuri kweli, mkate umepanda mpaka raha. Naye alikula vipande vinne, hakusema kitu.

— Miaka mitatu, Gejtu. Marvic kazaliwa humo humo.

— Najua.

— Na ningejulia wapi, kama si kusoma?

— Nilikuwa mwoga. Lilikuwa linanikereketa miaka yote, nikataka kulitua mahali ambapo hutalikuta.

— Nimelikuta.

— Ndiyo. Nisamehe.

— Sijakusamehe. Usinikimbize.

— Mfungulie basi, Grezzja! Liberata akapiga kelele toka juu. Mzee anaungua!

— Acha aive!

Lakini nilishasimama. Nikafungua mlango. Alikuwa mwekundu kama nyanya ya Agosti, jasho limelowesha shati. Nikasimama katikati ya kizingiti asipate pa kupita.

— Kitabu cha tisa anakufa mume.

Akanitazama. Halafu, mwanaume huyu, nusu mfu, mkono ukaenda mfukoni ukatoka na penseli.

— Anakufaje?

— Kwa jua. Mlangoni kwake mwenyewe, mkewe yuko ndani anachambua kaperi.

— Hilo siyo kosa la jinai.

— Ndiyo maana mke hakamatwi.

Akataka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

— Tena hunisimulii mezani, nikaendelea. Kila karatasi utakayoandika, naisoma mimi kwanza, kabla ya mchapishaji, kabla ya televisheni. Mstari kwa mstari.

— Grezzja, unasoma polepole. Itachukua mwaka mzima.

— Utasubiri. Mimi miaka mitatu nilikusubiri bila kujua kwamba nasubiri.

Akainamisha kichwa, akakubali. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikautia kwenye tundu lake, upande wa nje, Liberata auone na mtaa wote uuone. Kisha nikaingia, nikamfungia mlango usoni, nikarudi kwenye beseni langu.

Nikachambua konzi mbili tatu. Nilidhani ameondoka. Ndipo nikasikia chuma kinazunguka taratibu, bawaba za mlango zikalia, na mtu akaita jina langu toka pale pale kizingitini, hathubutu kuingia, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

— Pita, nikamwambia.