Meza, Kisha Useme

— Meza. Sasa sema, nisikie.

— Asante, sista.

Ndivyo tunavyofanya dirishani kwetu. Mgonjwa anayeacha unga, yaani heroini, anakunywa dawa mbele yangu, kisha anaongea, nijue hajaificha mdomoni akaiuze. Kila siku, hata sikukuu; waaminifu wa muda mrefu tu ndio hupewa ya wiki nzima waende nayo nyumbani.

Kaka yangu alikuwa hajafika. Redio ya mlinzi ilikuwa juu, mheshimiwa akiunguruma bungeni:

"Kliniki hizi zifungwe! Mtumiaji aende jela! Kuna muuguzi, kaka yake mwenyewe alificha dawa mdomoni akaiuza getini!"

Habari ile nilimwambia mtu mmoja tu duniani, mchumba wangu, anayemwandikia mheshimiwa hotuba. Nilimwambia nikilia. Nikampigia palepale.

— Umeniuza!

— Mpenzi, sikukutaja jina.

— Mtaa mzima unamjua kaka yangu! Alikosea mara moja. Miezi kumi na moja sasa hajakosa kunywa. Hilo mbona hukuandika?

— Watu wamechoka kuibiwa. Mama yangu kavunjiwa mlango mara mbili, au hilo hulioni?

— Anayekunywa hapa havunji mlango wa mtu. Harusi basi!

Nikakata. Ujumbe ukaingia, wa kaka: "Dada, hotuba imeleta polisi, wamejaa getini kwenu. Siji. Usinitafute."

Dirisha hufungwa saa sita. Akikosa leo, jioni mwili utamuuma, na dawa ya haraka ya maumivu hayo ni unga uleule. Simu yake ikawa haipatikani. Nilihudumia watu huku namlaani yule mwanamume, na bado nampenda, mjinga mimi.

Saa sita kasoro dakika tano, nikawaona. Mchumba wangu, tai imekwenda upande, kamshika kaka mkono.

— Polisi wamewaachia mpite?

— Niliwaambia waanze kunikamata mimi, maneno ya hotuba ni yangu, mchumba akajibu.

— Shemeji kanifuata hadi kituo cha mabasi, kapiga kelele hadi nikaona aibu kukimbia, kaka akasema.

Nikampa dawa. Akameza.

— Sema.

— Nipo, dada.

Machozi yakanitoka. Kisha nikajaza maji kikombe kingine.

— Na wewe kunywa.

— Mimi?

— Wewe. Meza. Haya, sema, wote wasikie.

Akageukia watu kwenye benchi.

— Nilichukua siri ya mwenzangu nikaifanya hotuba. Nikaficha nusu yake, kwamba huyu anapona. Nimekosa. Kazi nimeacha, na saa nane naenda redio hiyohiyo kuisema hiyo nusu.

Kaka akakohoa.

— Dada, usimpe ya wiki nzima aondoke nayo. Huyu bado mgeni. Anywe mbele yako kila siku.

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka, lakini pete sikuivua.

— Kesho saa moja asubuhi, nikamwambia. Ukichelewa, nafunga.