Mgeni Kutoka Korintho

Mumbua alilifagia lile vumbi asubuhi alipotoka zamu ya usiku, na alipoamka alasiri akalikuta limerudi pale pale kizingitini, jeupe, laini kama unga wa muhogo. Mtaa wao wa Nechells, huku Uingereza, una matope na masizi ya magari; vumbi la namna ile hauna. Lakini yeye alilijua. Lilikuwa limejaa viatuni mwake juma lililopita, kule Korintho.

Kanisa lao la Birmingham liliwapeleka akina mama kutembea alikotembea Mtume Paulo. Mumbua aliuzunguka mji ule wa kale mdomo wazi: nguzo za hekalu zimesimama bila paa, barabara ya mawe imelainishwa na nyayo za watu waliokufa zamani. Wenzake walipokuwa wakipigana picha, yeye akachepuka hadi kwenye gofu la nyumba. Kuta zilimfika magotini, ila kizingiti kilikuwa kizima. Na mtu wa adabu, tena wa Machakos, havuki kizingiti kimya kimya.

"Hodi! Wenyewe mko?" akaita, akicheka.

Ndani, pasipo na mtu, kigoda kikasikika kikiburutwa, kama mtu anayempisha mgeni akae. Hapo angekimbia. Lakini sisi adabu hututoka mdomoni akili bado imelala.

"Sikai, asanteni," akasema. "Na nyinyi mje kwetu, mtutembelee."

Sasa, alasiri hiyo, kigoda kile kile kikaburutwa ghorofani, chumbani kwa binti yake Brigid, mtoto wa darasa la kwanza. Mumbua akapanda ngazi. Kulinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Brigid alikuwa amelala sakafuni, na kitanda chake kilikuwa kimebonyea katikati.

"Mbona uko chini, mum?" akamuuliza mwanawe.

"The visitor's in my bed," mtoto akanong'ona, akikionyesha kitanda kwa kidole. "You said visitors get the bed."

Kweli, ndivyo alivyomfundisha. Mgeni hupewa kitanda, mgeni hupewa paja la kuku, na akiaga husindikizwa hadi mlangoni na kuambiwa karibu tena. Mara ngapi alimfinya mtoto huyu kwa kunyamaza wageni wakiondoka!

Siku zilizofuata Brigid alikonda. Chakula alimwachia mgeni, na akikohoa vumbi jeupe lilibaki kiganjani. Daktari alimpima kifua akasema kiko safi. Mumbua alijua akikaa hivyo atamzika mwanawe. Akampigia simu Mama Thérèse, mwombezi Mkongomani wa mtaa wa Sparkbrook.

Thérèse hakukemea wala hakupaza sauti. Alisimama chini ya ngazi, akanusa.

"Huyu hakuingia na nguvu, mama," akanong'ona. "Ni weye ulimwita. Mutu mwenye uliita hauwezi mufukuza. Utamusindikiza."

"Nimsindikize jini?"

"Na heshima yote. Umupe chakula, umufungulie mulango, umuambie safari njema. Lakini ile neno ya kumukaribisha tena isitoke mu kinywa. Ikitoka, c'est fini, nyumba ni yake."

Wakamwandalia ugali na paja la kuku kando ya kitanda. Thérèse akaomba, Mumbua akafungua mlango wa mbele mchana kweupe. Ngazi ya juu ikalia, kisha iliyofuata, na ile harufu ya majivu ikashuka nazo polepole hadi ikampitia Mumbua shavuni, na yeye ameuma ulimi mpaka anaonja damu, kwa maana lile neno lilikuwa limejaa mdomoni kwa mazoea ya maisha yake yote na lilikuwa likisukuma meno litoke, hata alipoona kwenye vumbi la kizingitini unyayo mmoja ukijichora, vidole vikielekea nje.

"Safari njema," akasema, akanyamaza hapo.

Unyayo mwingine ukatokea kando ya mapipa ya taka. Brigid akashuka ngazi mbio, mashavu yamerudiwa na damu, na Mumbua akapiga magoti akamkumbatia, akilia kwa furaha asione kitu kingine.

Mtoto akainua mkono juu ya bega la mama yake, akaupunga. Na yeye ambaye siku zote hujibu kwa Kiingereza, akasema kwa Kiswahili safi, vile alivyofundishwa:

"Karibu tena!"

Kando ya mapipa, ule unyayo ukageuka.